Balozi wa Ndama

Bango lilipandishwa Jumatano saa tatu asubuhi, na kwa heshima ya tukio hilo Huseni alivaa koti. Lilikuwa bango la plastiki la urefu wa mita tatu, likafungwa kwa waya juu ya lango lake pale Gatitu, mahali ambapo kila anayekwenda mjini Nyeri atalazimika kuliona. Maandishi yake yalisema: NDAMA WA KISASA ANAZALIWA HAPA JUMAMOSI. KARIBUNI NYOTE. Kushoto palikuwa na picha ya fahali wa ng'ambo, mnene, mwenye pua inayong'aa na macho ya upole. Kulia palikuwa na picha ya Huseni mwenyewe. Naye alikuwa mnene na pua yake iling'aa, lakini macho yake yalikuwa ya mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

Jirani yake Wachuka, aliyekuwa akirudi na mzigo wa majani, alisimama akalitazama kwa makini kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani.

"Baba Sumeya," aliuliza, "baba ya ndama ni huyu wa kushoto ama huyu wa kulia?"

Huseni alijikung'uta vumbi kwenye koti. Balozi hajibizani na watu wa barabarani.

Maana alikuwa balozi kwelikweli. Cheo hicho alipewa na Kinyua, kijana wa viatu vyenye ncha kali aliyewauzia wakulima viinitete vya ng'ombe, yaani mimba zilizoanzishwa maabara ndani ya kisahani, kisha zikapandikizwa kwa ng'ombe yeyote mwenye nafasi tumboni. Huseni alikuwa wa kwanza Gatitu kukubali. Kwa ujasiri huo alitunukiwa kofia, fulana na cheti chenye fremu. Aliyebeba mimba yenyewe hakupewa hata kofia. Jina lake lilikuwa Kanini, yaani kidogo kwa Kikuyu, jina alilopewa na Zuena, mke wa Huseni, kwa kuwa siku Zuena alipomnunua, Kanini alikuwa mtamba mdogo kuliko wote sokoni. Maziwa ya Kanini ndiyo yaliyolisha nyumba ile na kumsomesha binti yao, Sumeya. Duka la Huseni la vipuri vya baiskeli, kule mjini, lililisha panya.

Asubuhi hiyo hiyo Zuena alisimama zizini akimtazama Kanini akihema. Nyuma ya mlango wa jikoni alikuwa na kalenda ya msikiti, na juu yake alikuwa ametia alama ya penseli kila siku ya mimba.

"Baba Sumeya, siku zimepita," alisema. "Ng'ombe akifika mia mbili themanini na tatu, na nne, amezaa. Huyu leo yuko mia mbili tisini na mbili. Hata kulala hawezi."

"Ndizi ikikaa kwenye mgomba inafanya nini?"

"Inaiva."

"Basi."

"Ikikaa sana inapasuka, ndege wanakula."

"Mama Sumeya, hii ni sayansi," alisema Huseni. Hoja hiyo alikuwa ameitumia tangu mwezi wa pili wa mimba, na haikuwa imeshindwa hata mara moja, kwa sababu kila alipoitoa aliondoka.

Ila mara hii hakuondoka kabla ya kupima. Kila asubuhi Huseni alimpima Kanini kwa utepe wa kukadiria uzito, ule ulioandikwa kilo badala ya sentimita. Utepe huo huzungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele, na kila mfugaji wa Nyeri anajua hivyo kama anavyojua jina lake. Huseni aliuzungusha tumboni, pale palipofura kuliko pote. Utepe ukaisha kabla ya kukutana. Akajazia pengo kwa kiganja na kukisia. Kisha akatuma ujumbe kwenye kikundi cha mtaa: "Leo kilo elfu moja mia moja arobaini. Mungu ni mkubwa."

Kikundi kilikuwa na watu themanini na sita, na nusu yao walifuga. Hakuna aliyesema neno juu ya kifua. Kumsahihisha mtu mwenye bango ni utovu wa adabu. Mwenyekiti alituma picha ya mikono ikipiga makofi, na Huseni, kwa furaha, akamwongezea Kanini debe la pili la chakula cha dukani.

*

Daktari wa mifugo alikuja Alhamisi kwa pikipiki yake. Zuena alikuwa amemwita bila kumwambia mumewe. Aliitwa Wamucii, mwanamke mfupi wa maneno machache, mwenye ndoo, sabuni na glavu ndefu zinazofika begani. Alipoingiza mkono ndani ya Kanini, uso wake ukawa wa mtu aliyepapasa chini ya kitanda akagusa kitu kinachopumua.

"Nimeshika mguu," alisema. Alipoutoa mkono aliuosha, kisha akaushika mkono wa Zuena na kuuzungushia vidole. "Ndama wa kawaida, hapa juu ya kwato, namshika hivi na vidole vinakutana. Huyu havikutani."

"Alhamdulillahi," alisema Huseni, ambaye alikuwa ameisikia pikipiki na kuja mbio akivaa kofia ya ubalozi.

"Hiyo si ya kushukuru, mzee. Atapita wapi?"

"Atajua mwenyewe. Ni ndama wa kisasa."

Wamucii aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alizungumza na Zuena, kwa sababu Zuena ndiye aliyekuwa akisikiliza.

"Mama Sumeya, kila jeni ya ndama iko na nakala mbili, ya baba na ya mama. Mahali pengi zote mbili zinafanya kazi. Lakini kuna mahali ambapo inasikika ya mama peke yake. Na ya mama inasema, punguza mwendo, usikue ukashinda mlango. Hiyo ni breki."

"Na ya baba inasema nini?"

"Upande wa baba kuna uzi mrefu wa RNA. Jeni nyingi zinatoa ujumbe wa RNA, ujumbe unatengeneza protini, protini inajenga mwili. Uzi huu hautengenezi protini. Unakaa tu pale na kuizima breki ya upande wake."

"Kazi yake ni kunyamazisha wengine tu?"

"Hiyo tu."

Zuena alimtazama mumewe kwa muda mfupi, bila chuki, kama fundi anayelinganisha kitambaa na uzi.

"Sasa upande wa mama," Wamucii aliendelea, "kuna kitu kama muhuri kinachofanya uzi huo ulale. Kiinitete kikikaa kwenye kisahani siku zake za kwanza, mara nyingine muhuri unafutika. Uzi unaamka pande zote mbili. Breki ya mama inanyamaza pia. Ndama anakua, na hakuna wa kumwambia imetosha. Sisemi viinitete vyote viko hivyo. Vingi vinazaliwa sawa kabisa. Na bila kupima siwezi kuapa. Lakini nikiangalia siku alizopitisha na huo mguu, nafikiri ndiyo hii. Nikubalie nimpasue ubavuni leo, akiwa bado ana nguvu."

"Leo ni Alhamisi," alisema Huseni. "Bango linasema Jumamosi."

"Ng'ombe hajasoma bango."

"Na ati ubavuni? Nyumba iko na mlango, halafu ndama wa cheti atolewe dirishani kama mwizi? Ngoja." Akampigia Kinyua simu na kuiweka sauti kubwa, ili sayansi isikike na wote.

"Balozi, daktari yeyote anapenda kupasua," ilisema sauti ya Kinyua. "Ukubwa ndio tunauza. Niko na wakulima kumi wanakuja Jumamosi kuona. Ukileta ndama wa kushonwa, nitawaambia nini?"

Wamucii alisimama, akakung'uta ndoo. "Siwezi kupasua mnyama bila ruhusa ya mwenyewe. Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Mimi," alisema Huseni.

Zuena alifungua mdomo.

"Mama Sumeya, wageni wa Jumamosi utawapikia nini?" aliuliza Huseni upesi.

Zuena alifunga mdomo. Alikuwa ameufunga hivyo kwa miaka kumi na tisa, na mdomo ulikuwa umezoea kujifunga wenyewe. Daktari alimwachia namba yake ya simu kwenye kipande cha katoni. "Ikianza, niite," alimwambia. "Na msimvute. Mkivuta kwa nguvu mtamrarua ndani."

*

Jumamosi hema lilisimama uani, viti vya kukodi vikapangwa kuelekea zizini, na mbele yake kikawekwa kipaza sauti. Pilau ilikuwa tayari. Watu wa msikitini walikuja, watu wa kikundi cha mtaa walikuja, na Kinyua alikuja na wakulima wake kumi waliovishwa fulana zinazofanana, wakaketi safu moja kama timu iliyofungwa.

Mgeni wa heshima alikuwa Bulle, mchuuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, mzee mrefu mwenye ndevu za hina. Huseni alikuwa amemwalika aje kuweka bei ya ndama mapema. Bulle hakugusa pilau. Alimtazama Kanini akijaribu kusogeza mguu wa nyuma na kushindwa.

"Ndugu yangu," alimwambia Huseni, "mimi nimenunua ng'ombe miaka thelathini. Tumbo sijawahi kununua."

"Utakuwa wa kwanza," alisema Huseni, na akaenda kushika kipaza sauti.

Uchungu ulianza saa nane, Kinyua akiwa katikati ya hotuba. Zikatoka kwato mbili, nene kama ngumi za mtu mzima. Wageni wakapiga makofi. Kisha ukatoka ulimi, wa buluu, mrefu, umevimba, ukaning'inia nje peke yake bila pua wala mdomo kuufuata. Wageni wakaupigia makofi ulimi pia, ingawa kwa kusitasita.

"Kama mnavyoona," Huseni alitangaza, "ameanza kwa kutoa ulimi, ishara ya hamu ya kula."

Zuena hakungoja aulizwe. Alitoa kile kipande cha katoni kifuani mwake, akapiga simu, akasema maneno mawili tu: "Daktari, imeanza."

Nusu saa ikapita na hakuna kilichoongezeka. Kinyua aliagiza kamba. Wakulima sita wa fulana walizifunga kwato na kuanza kuvuta, huku Huseni akiwahesabia kwa kipaza sauti: moja, mbili, vuta, moja, mbili, vuta. Kanini akapiga magoti ya mbele.

"Wacheni," alisema Zuena. "Daktari alisema asivutwe."

Moja, mbili, vuta.

"Jamani, wacheni. Mtamrarua."

Hakuna aliyemsikia. Spika zilikuwa mbili na za kukodi, na zilifanya kazi yake vizuri. Kanini akaangukia ubavu wake wa kulia. Balozi akatangaza kwamba amejilaza ili kurahisisha zoezi.

Zuena alivuka ua, akafika ukutani, akang'oa waya wa kipaza sauti kwenye umeme.

Mdomo wa Huseni uliendelea kuhesabu kwa muda mfupi bila sauti kufika popote. Ndipo watu wote, kwa mara ya kwanza mchana ule, wakamsikia Kanini. Hakuwa akilia kwa nguvu. Ilikuwa sauti ya chini, kavu, kama kabati zito linaloburutwa sakafuni katika chumba cha pili. Wale sita waliachia kamba bila kuambiwa. Mmoja alianza kuvua fulana.

"Niko na vifaa vya kisasa kwenye gari," alisema Kinyua. "Nakuja sasa hivi." Akaenda kuvichukua. Gari nalo likaenda, na vumbi lake likaonekana likielekea barabara ya Nairobi kwa kasi isiyohitajika kuchukua vifaa.

Bulle alikuwa amesimama. Alitoa kisu chake kwenye ala, akakiangalia makali. Huseni alipokiona, uso wake ulirudiwa na uhai. Aliona mlango wa heshima umefunguliwa.

"Chinja, mzee Bulle," alisema. "Chinja kabla hajafa, nyama iwe halali. Wageni si wapo? Tutasema ndiyo ulikuwa mpango."

Wakati huo pikipiki ya Wamucii iliingia langoni. Daktari alimtazama ng'ombe, akatazama kamba, akatazama viti. Alifungua begi.

"Bado anaweza kupasuliwa," alisema. "Nimdunge?"

"Usimdunge," alisema Huseni. "Ukimdunga dawa nyama haitaliwa. Mimi ndiye mwenye ng'ombe, na nimesema achinjwe."

Bulle hakusogea. "Sokoni kwetu kuna wezi wengi," alisema polepole. "Kwa hiyo mimi simgusi mnyama mpaka mwenyewe aseme mbele ya watu, na mimi nimuulize. Hata kama ni ndugu yangu wa tumbo moja. Wewe ndiye mwenyewe?"

"Si umesikia."

"Amezaa mara ngapi?"

Huseni alitupa jicho kwenye bango, kana kwamba lilikuwa limeandikwa na hilo. "Mara mbili."

"Tatu," alisema Zuena. Alikuwa amepiga magoti matopeni, kichwa cha Kanini mapajani.

"Chuchu gani inatoa maziwa kidogo?"

"Zote sawa. Hapa kwangu hakuna ubaguzi."

Mtu alicheka nyuma ya hema. Zuena hakuinua macho. "Ya nyuma kushoto. Alikanyagwa akiwa mtamba."

"Na sikio lenye kovu la kukatwa?"

Sikio la kushoto lilionekana na halikuwa na kovu; la kulia Kanini alikuwa amelilalia. Huseni alishukuru kwa fununu hiyo. "La kulia."

"Hana kovu sikio lolote," alisema Zuena. "Unamtega."

"Namtega," alikubali Bulle. Aligeuka, akachutama mbele ya Zuena, kisu kikiwa bado mkononi. "Ng'ombe ni ya mama. Mama, nikwambie ukweli. Nikichinja sasa, nyama ni halali na nitainunua yote. Hutabaki mikono mitupu. Akidungwa sindano halafu afe, hupati ng'ombe, hupati nyama. Hata mbwa usimpe."

"Daktari, atapona?"

"Nusu kwa nusu," alisema Wamucii. "Alhamisi ningekupa jibu lingine."

"Mama Sumeya," alinong'ona Huseni, "watu wanatuangalia. Fikiria jina langu."

Zuena alifikiria. Alifikiria ada ya Sumeya ya muhula ujao na wateja wake saba wa maziwa ya asubuhi. Alifikiria asubuhi ambayo angeamka na kukuta zizi halina mtu wa kusalimia. Jina la Huseni hakulifikia; foleni ilikuwa ndefu.

"Dunga," alisema.

Bulle alirudisha kisu kwenye ala, akakunja mikono ya kanzu, akaketi matopeni kushika kichwa cha ng'ombe.

*

"Nataka plastiki kubwa," alisema Wamucii baada ya kunyoa ubavu na kuupiga ganzi, "yenye upande safi."

Zuena alikwenda langoni mwenyewe. Zile waya alizifungua kwa koleo la dukani kwa Huseni, kifaa pekee cha duka lile kilichowahi kutumika mwaka ule. Bango likatandikwa chini, kando ya tumbo la Kanini, na kwa haraka hakuna aliyeangalia upande upi ulikaa juu.

Kupasua kulichukua muda ambao wageni wengi walichagua kuutumia kwingine. Waliobaki walisaidia. Wanaume wanne walimwinua ndama kupitia ubavuni, kama watu wanaotoa gunia lililolowa kwenye kisima, wakamlaza juu ya bango. Alikuwa dume. Mabega yalikuwa ya mnyama wa miezi miwili. Kitovu kilikuwa wazi, matumbo yakichungulia. Ulimi ulikuwa mkubwa kuliko mdomo uliopewa kazi ya kuuhifadhi.

"Sabini na kitu," alisema Bulle, ambaye macho yake yalikuwa mizani.

"Wa kawaida ni arobaini," alisema Wamucii bila kugeuka, alikuwa akishona.

Ndama alivuta pumzi mara tano. Zuena alizihesabu. Ya sita haikuja, na adhana ya alasiri ikaanza kutoka upande wa mjini.

Huseni alikuwa amesimama peke yake kati ya viti vitupu. Kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi, ilijipekua mfukoni ikatoa utepe wa kupimia. Akainama, akaanza kuuzungusha tumboni mwa ndama aliyekufa.

"Hiyo ni ya kifua, Baba Sumeya," alisema Zuena.

Huseni aliuzungusha kifuani. Hakusoma kilichoandikwa.

Wachuka, aliyekuwa ameshika tochi na ndoo tangu mwanzo bila kuombwa, aliangalia chini. Bango lilikuwa limetandikwa picha juu. Fahali wa ng'ambo alikuwa kushoto, Huseni kulia, na ndama katikati, ulimi wake umelala juu ya pua inayong'aa ya balozi. Wachuka alitaka kusema jambo. Alimtazama Zuena, akaliacha, akaenda kuleta maji mengine. Kwa Wachuka hilo lilikuwa tendo kubwa la rehema, na inafaa liandikwe.

Kanini alijaribu kusimama mara mbili akashindwa. Bulle alimsukuma nyongani, Wamucii akavuta mkia, Zuena akamwita jina. Mara ya tatu miguu ilikubali. Alisimama akitetemeka, ubavu umeshonwa kama kiatu cha shule, akageuza kichwa kutafuta kitu cha kula.

"Maziwa msiuze wala msinywe mpaka dawa iishe mwilini. Nitawaambia siku," alisema daktari. "Na siwezi kuahidi kama atashika mimba tena."

"Akishika, atashika ya kawaida," alisema Zuena.

"Mama Sumeya," Huseni alianza, akikohoa kidogo, "ni vizuri tuelewane. Katika sayansi—"

Zuena alimpa mundu.

Balozi aliutazama. Alitazama sufuria la pilau lililobaki nusu, Bulle aliyekuwa akinawa, na wakulima wawili wa fulana waliobaki, ambao sasa walikuwa wakimuuliza daktari maswali yote ambayo hawakuwa wamemuuliza Kinyua. Akavua kofia, hakuona pa kuiweka, akaivaa tena. Kisha akatoka kwenda kukata majani, akipita chini ya lango lililobaki na vipande viwili vya waya.

Nyuma yake alimsikia Kanini akitafuna. Kipaza sauti bado kilikuwa kimelala juu ya kiti, na jioni yote hakuna aliyeona haja ya kukichomeka tena.